Mashine Iko Kapalamsenga, Kiti Kiko Wapi?

Si desturi yetu kujaza ukurasa huu kwa habari za mitambo. Habari hizo tumezoea kuwaachia mainjinia, nasi kushika habari za wakulima, za wafanyakazi na za mali ya nchi. Lakini juma hili twaandika juu ya mtambo, kwani ndani ya mtambo huu yote matatu yamo: mkulima yumo, mfanyakazi yumo, na mali ya nchi imo.

Mtambo wenyewe ni katapila, pamoja na ndugu zake: kijiko, greda, na yale magari mafupi yanayozoa mawe chini ya mgodi. Mashine hizi kila mtu azijua, watoto hukimbia kuzitazama zikipita. Jambo wasilolijua wengi ni kwamba siku hizi zaweza kuchimba, kusukuma na kubeba huku kibanda cha opereta kikiwa kitupu. Opereta yupo, ila yuko mahali pengine. Amekaa kwenye kiti mbele ya vioo kama vya televisheni, mikononi ana vishikio vile vile, miguuni ana pedeli zile zile. Kamera zilizofungwa kwenye mashine humwonyesha mbele, nyuma na ubavuni. Akivuta kishikio, amri husafiri kwa mawimbi ya redio au kwa waya, hufika kwenye mashine, hufungua vali za mafuta, na bakuli la kijiko huinuka. Opereta huyo aweza kuwa mita mia moja tu kutoka hapo, amejifunga kisanduku cha amri kifuani. Aweza vile vile kuwa katika nchi nyingine.

Ni katika maneno hayo, "nchi nyingine", ndipo tunapotaka kusimama kidogo.

Twaandika tukiifikiria Kapalamsenga. Msomaji wa Tanga au Mtwara asiyeijua, na aitafute kwenye ramani katika Mkoa wa Katavi, Wilaya ya Tanganyika, mtu akitoka Mpanda kuelekea Ziwa Tanganyika. Chini ya ardhi yake kuna shaba. Mbele yake, ziwani, iko Bandari ya Karema iliyojengwa na Serikali, na ng'ambo ya maji ni Kongo. Mipango ya Serikali yataja pia reli ya kisasa kutoka Kaliua kupitia Mpanda hadi Karema. Basi pale mahali pana machimbo, pana barabara, pana bandari, na huenda patakuwa na reli; na kila kimoja katika hivyo hakifanyiki kwa jembe la mkono. Hatujasikia kwamba katapila lisilo na mtu limefika Kapalamsenga. Twaandika kabla halijafika, maana likiisha kufika, mkataba utakuwa umekwisha kutiwa sahihi, na sisi tutabaki kulitazama kama wale watoto.

Wala asidhani mtu kwamba haya ni mambo ya Ulaya na Marekani tu. Vuka ziwa, panda kaskazini mashariki ya Kongo hadi Mkoa wa Haut-Uélé, utafika mgodi wa dhahabu wa Kibali. Huko opereta mmoja aliyekaa juu ya ardhi aweza kusimamia magari hadi matano ya kuzoa mawe, nayo yako mita 750 chini ya miguu yake. Zamani kila gari lilikuwa na mtu wake. Wenye mgodi huo ni Barrick yenye asilimia 45, AngloGold Ashanti yenye asilimia 45, na shirika la serikali ya Kongo lenye asilimia 10. Majina hayo mawili ya kwanza si mageni kwetu. AngloGold Ashanti ndiyo iliyo Geita, na Barrick ndiyo iliyo Bulyanhulu na North Mara. Kitu kinachojulikana kwa mwenye nyumba mmoja hakikawii kufika katika nyumba zake nyingine.

Kibali opereta angalau yuko pale pale, juu ya shimo lile lile, na jioni atanunua nyama katika soko la pale. Sasa tazama Australia. Mwaka 2010 kampuni ya Rio Tinto ilifungua katika mji wa Perth kituo cha kuendeshea migodi yake ya chuma iliyo Pilbara, umbali wa kilomita 1,500 hivi. Huo ni mbali kuliko kutoka Dar es Salaam hadi Mpanda. Mtu huondoka nyumbani kwake mjini asubuhi, hushinda akisimamia magari na treni za mgodini, na jioni hurudi kwa mkewe na watoto, na vumbi la mgodi halijagusa kiatu chake. Sisi hatumlaumu. Yeye ni Mwaustralia aendeshaye mashine za Australia, mshahara wake wabaki kwao na kodi yake yabaki kwao. Lakini waya uliofika kilomita 1,500 hauna mpaka unaouzuia kufika mbali zaidi, na hautaomba pasi ya kusafiria.

Kabla hatujaenda mbele, lazima tuseme ukweli wa upande wa pili, kwani si uungwana kuficha faida ya kitu kwa sababu tu twaogopa hasara yake. Mashine hii haikubuniwa kwa hila. Huko Japani, tarehe 3 Juni 1991, mlima wa moto wa Unzen ulishusha wingu la majivu na mawe ya moto likaua watu 43. Baada ya hapo udongo wa mlima ule ulikuwa ukiporomoka kila mvua inyeshapo, na kuta za kuuzuia zilitakiwa zijengwe mahali ambapo hakuna baba wa watu angekubali mwanawe aende. Tangu mwaka 1994 kazi ile ilifanywa na makatapila yasiyo na watu ndani. Mwaka 2011 mtambo wa nyuklia wa Fukushima ulipoharibika, vijiko vya namna hiyo ndivyo vilivyoondoa kifusi penye sumu. Nao Wasovieti, mwaka 1986 huko Chernobyl, mashine zao zilipozimika juu ya paa kwa ukali wa mionzi, walipandisha maelfu ya askari na makoleo.

Na kwetu je? Mwaka 2015 wachimbaji wadogo walifunikwa na udongo katika machimbo ya Nyangalata, Kahama, na watano kati yao walitoka hai baada ya siku 41 gizani. Desemba 3, 2023, matope ya Mlima Hanang yaliifunika Katesh na kuua watu zaidi ya 80, na waliopeleka vijiko kufukua walifanya kazi huku mlima ule ule ukiwa juu ya vichwa vyao. Mtu akituambia kwamba kuna mashine iwezayo kuingia mahali kama hapo bila kumtia opereta hatarini, hatutabishana naye. Tutamwuliza bei.

Kwa hiyo atakayesema kwamba gazeti hili laogopa mashine, amesoma nusu. Sisi twauliza jambo moja tu: mashine iko Kapalamsenga, kiti kiko wapi?

Swali hili nchi yetu yalijua tangu zamani, ingawa zamani waya wenyewe ulikuwa wa simu za maandishi. Wazee wetu wa Kongwa, Nachingwea na Urambo walikuwapo. Mwaka 1946 Serikali ya Uingereza ilileta watu watatu wakiongozwa na Bwana Wakefield, wakazunguka kwa majuma tisa, wakarudi kwao na kitabu kilichosema kwamba karanga zitalimwa hapa kwa mamilioni ya eka ili Waingereza wapate mafuta ya kupikia. Mwaka 1947 makatapila yakaanza kushuka, mengine mabovu, mali iliyobaki ya jeshi la Marekani huko Ufilipino, na baadaye vifaru vya vita vilivyogeuzwa kuwa matrekta. Ardhi ya Kongwa kiangazi ikawa ngumu kama tofali. Mvua ikakataa. Mashine zikavunjika meno. Vijana wa Kiafrika walifundishwa kuziendesha, na waliziendesha. Mikono yao ilikuwa juu ya vishikio. Lakini nani aliyeamua ling'olewe pori gani, lini, na kwa ajili ya nani? Kiti cha kuamulia kilikuwa London, katika Wizara ya Chakula. Mwaka 1951 mpango ulipozikwa, pauni milioni 36 hivi zilikuwa zimeteketea, na mwananchi aliyeiona ardhi ile kila siku, aliyejua mvua yake na mibuyu yake, hakuulizwa mwanzo wala mwisho.

Watu wa Mpanda nao wana kisa chao. Reli ya kutoka Kaliua hadi Mpanda ilifunguliwa mwaka 1950 kwa sababu ya mgodi wa risasi. Risasi ikachimbwa, ikapakiwa, ikaenda. Mwaka 1960 mgodi ukafungwa. Reli ilibaki, na twashukuru, kwani imewabeba watu na mpunga na mahindi miaka yote hii. Ila mtu asikose kutambua kwamba hata wakati ule mgodi uliacha kitu kimoja mikononi mwa watu: ufundi. Mafundi wa spana, madereva, watu wa kuchomea vyuma, wapiga baruti. Mtu aliyekaa miaka mitano kwenye kibanda cha katapila hutoka na kazi kichwani ambayo hakuna mwenye mgodi awezaye kuifunga pamoja na mgodi.

Hapo ndipo twaona hatari kubwa kuliko zote. Katika barabara nyingi zinazojengwa vijijini, kijana wa pale hupewa bendera nyekundu na kijani asimamishe magari, au hulinda usiku. Hiyo ndiyo hatua ya kwanza. Akiwa mwerevu hujisogeza karibu na mashine, hupaka grisi, hubeba spana, humletea opereta chai. Opereta akishiba na akiwa na roho nzuri humwambia panda, jaribu kuisogeza. Hivyo ndivyo walivyojifunza wengi tunaowajua, kabla hawajawahi kuona mlango wa chuo. Sasa kibanda kikiwa kitupu, kijana atampelekea nani chai? Atajifunza kwa nani? Ngazi ile yote imekatwa, na juu yake kimebaki kiti kimoja ambacho hakionekani.

Wahenga walisema asiyekuwepo na lake halipo. Kwa mashine hizi methali imepinduka: asiyekuwepo ndiye mwenye lake, na aliyepo hana.

Tuchukue mfano mdogo. Mwanamke wa Kapalamsenga anaona katapila linaelekea kwenye kaburi la mume wake, kwa sababu kigingi kiliwekwa vibaya. Leo atafanya nini? Atakimbia mbele yake, atapunga kanga, atapiga kelele, na opereta atazima injini, atashuka, watasemezana. Huenda watagombana, lakini watagombana kama watu. Kesho atapunga kanga mbele ya kamera. Kama opereta anamwona, je, anajua maana ya kanga ile? Ajua Kiswahili? Na kama hakumwona, mwanamke aende kumshtaki nani, na polisi wa Katavi wamkamate dereva gani? Watu wa mitambo watajibu kwamba mashine hizo zina kitufe cha kuzimia na kwamba mtu huzuiwa kuingia eneo lake. Ni kweli, na kwa usalama ndivyo itakiwavyo. Lakini kuzuiwa kuingia si sawa na kusikilizwa.

Wafanyakazi nao watazame sana. Nchi hii ilipigania uhuru wake pamoja na vyama vya wafanyakazi. Shirikisho lao liliundwa mwaka 1955, na Ndugu Rashidi Kawawa akawa katibu wake mkuu wa kwanza. Nguvu ya mfanyakazi ilikuwa kwamba akiweka mikono mfukoni, mashine husimama. Kiti cha mbali hupunguza nguvu hiyo, kwa sababu mwenye kiti cha huku akigoma, kiti kingine chaweza kuwashwa kwingine, na mashine isijue tofauti.

Wako wanaotutuliza wakisema kwamba umbali wenyewe utatulinda. Wanasema setelaiti ile ya zamani iko juu kilomita karibu 36,000, kwa hiyo amri ikipanda na kushuka, na picha ikipanda na kushuka kurudi, nusu sekunde imekwisha kupotea, na nusu sekunde katapila likiwa ukingoni mwa shimo si muda mdogo. Ni kweli. Na ni kweli pia kwamba opereta wa mbali hukosa vitu ambavyo kamera haileti: mtetemo wa kiti unaomwambia kwamba chini kuna mwamba, mlio wa injini ukibadilika, harufu ya mafuta yanayovuja. Ndiyo maana kazi ya namna hii huenda polepole kuliko ya mtu aliye ndani. Lakini ndugu zetu wasijidanganye. Siku hizi kuna setelaiti zinazopita chini sana kuliko zile, na kuna mikongo ya kioo inayopeleka picha upesi mno. Sisi wenyewe, kwa fedha za wananchi, tumetandaza Mkongo wa Taifa. Ingekuwa aibu mkongo huo uje utumike kutoa kazi Katavi na kuipeleka nje.

Basi twataka nini? Twataka kila mkataba wa mgodi, wa barabara au wa reli utakaoleta mashine za namna hii useme kwa maandishi kiti kitakaa wapi, na jibu liwe ndani ya nchi hii. Kwa kazi ya Kapalamsenga twasema kiti kiwe Kapalamsenga penyewe, au kikishindikana kabisa kiwe Mpanda. Dar es Salaam hatuikubali upesi, kwani mtu wa Dar es Salaam naye aweza kuwa mgeni wa kanga ile. Tusiwe watu wa kuondoa kiti Johannesburg tukakiweka Oysterbay na kusema tumejitawala.

Nguvu ya kudai tunayo. Sheria ya Madini ilirekebishwa mwaka 2017, na Serikali ikapata hisa zisizopungua asilimia 16 katika migodi mikubwa na ya kati. Kanuni za mwaka 2018 juu ya ushirikishwaji wa Watanzania zataka kazi za migodini wapewe kwanza Watanzania. Ni sheria nzuri. Ila kanuni ya ajira huhesabu watu, na sisi twauliza: mtu aliyekaa nchi nyingine, ambaye hana kibali cha kufanya kazi hapa kwa sababu hakuja hapa, naye kila siku achimba shaba ya Katavi, atahesabiwa katika daftari gani? Mwenye kampuni aweza kuonyesha kwamba wafanyakazi wake wote walioko Kapalamsenga ni Watanzania asilimia mia moja, wapishi, walinzi na wafagiaji, wala hatakuwa amesema uongo. Wabunge wetu wa Katavi walipeleke jambo hili Bungeni kabla halijawa kesi.

Mafunzo nayo yaanze sasa. Vyuo vya VETA na chuo cha ujenzi cha Morogoro vina uzoefu wa kufundisha. Kiti cha mbali na kiti cha kujifunzia ni karibu kitu kimoja: vioo, vishikio, pedeli. Kijana aweza kujifunza kwa mashine ya kuigiza kabla ya kugusa ya kweli, bila kuchoma dizeli na bila kuvunja kitu. Na hapa tuseme neno ambalo wazee wengine hawatalipenda. Kazi hii haitaki kifua wala mabega. Binti wa Karema mwenye macho makini na mkono mtulivu atalizoa jiwe la tani kumi sawasawa na kaka yake, na mama mwenye mtoto mchanga aweza kushika zamu mahali ambapo asingeweza kushuka mgodini. Madarasa yatakapofunguliwa, orodha zisijazwe wavulana tu.

Lingine ni juu ya hatari. Kwa kuwa faida ya kwanza ya mashine hizi ni kuokoa uhai, mwenye mgodi atakayezileta aonyeshe kwamba anaanza nazo penye hatari: chini ya mwamba uliopasuka, penye moshi wa baruti, ukingoni mwa bonde lililokatika. Akianza nazo penye uwanja mweupe, ambapo hakuna anayeumia na ambapo kuna mishahara tu ya kupunguza, tumjue ni mtu wa namna gani.

Ndugu wanachama wa matawi ya Mpanda na Wilaya ya Tanganyika, madiwani wenu hukutana, na mikutano ya vijiji iko kisheria. Mgeni yeyote atakayekuja na ramani ya mgodi au ya barabara, apewe kigoda, apewe maji, kisha aulizwe opereta wa mashine zake atakaa wapi, na jibu lake liandikwe kwenye muhtasari wa mkutano pamoja na jina lake na tarehe. Nakala moja mtuletee sisi, tutaichapa.